Chumba cha Santuri Hakihami

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Nimeamka vizuri, chai nimekunywa vizuri, kazini redioni nimefika kabla ya wote isipokuwa mlinzi. Saa nne tangazo likabandikwa ukutani karibu na choo, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Chumba cha santuri kitafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kinageuzwa studio ya kupigia video. Santuri zote elfu sita zitachukuliwa na fundi mmoja wa mapambo. Karani wa chumba hicho atahamia meza ya mapokezi, kupokea simu.

Karani wa chumba hicho ni mimi.

Nimesoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya. Hayakunidanganya. Miaka kumi na tisa nimekaa humu! Najua santuri ipi imekaa rafu ipi, ipi ina mkwaruzo kwenye ubeti wa pili, ipi iliwahi kumwagiwa uji na mtangazaji wa asubuhi. Leo nipokee simu? Nikae kuuliza watu nani mwenzangu, unataka kuongea na nani?

Chanzo namjua. Ni kijana wa kompyuta, tunayemwita Wingu kwa sababu ukimuuliza kitu chochote kiko wapi, anasema kiko kwenye wingu. Wiki iliyopita alimwonyesha Mama Mkurugenzi kidude cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, akamwambia chumba changu kizima kimo humo ndani. Mama Mkurugenzi akakipima uzito mkononi akatabasamu. Hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nani alizitia hizo nyimbo kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, miaka miwili mfululizo. Ni mimi! Nimejichimbia kaburi langu mwenyewe, tena nikalisawazisha kingo.

Huyo fundi wa mapambo nimemuulizia. Santuri anazitia mishale na betri, anauza saa za ukutani. Mlinzi amesema kazi yenyewe rahisi sana, tundu la katikati lipo tayari. Nimemtazama mlinzi kwa jicho baya. Hakujali.

Sikubali. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza tayari. Mzuri mno, hata mimi umenishangaza. Barua za wasikilizaji! Mama Mkurugenzi hawezi kupita barua ya msikilizaji bila kulainika. Kwa hiyo wasikilizaji kumi na mmoja wataandika kwa uchungu kuomba santuri zisiguswe. Wasikilizaji wenyewe ni mimi.

Nimekuwa mjane, dereva wa lori, mwalimu mstaafu, bibi harusi, na mtu aliyekuwa amekata tamaa kabisa ya maisha hadi aliposikia sindano ikikwaruza santuri. Tatu nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Nilimwomba mke wangu aandike mbili ili mwandiko ubadilike. Akasema yeye ni fundi cherehani, ana magauni sita ya kumaliza, na kwamba baba wa watoto wawili kujifanya mjane ni jambo ambalo hataki majirani walisikie. Sawa. Nimeandika mwenyewe zote. Karatasi nimechana katika daftari la zamani la binti yangu.

Jumatano, 6 Machi

Daftari halikuwa la zamani.

Mama Mkurugenzi ameniita ofisini. Barua zangu kumi na moja zilikuwa mezani zimepangwa vizuri, nami moyoni nikasema tayari, amelainika. Akazigeuza. Nyuma ya kila barua kulikuwa na hesabu za binti yangu, zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeangalia upande mmoja tu! Mama Mkurugenzi akasema kwa upole kwamba dereva wa lori amepata nne kwa kumi katika kugawanya, na mjane ameambiwa na mwalimu wake aache kuchora maua pembeni. Akashauri dereva wa lori apate msaada wa baba yake nyumbani.

Wingu alikuwa nyuma yangu anarekebisha waya. Hakucheka kwa mdomo. Alicheka kwa mabega, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kisha wakati wa kutoka akanipigapiga begani, akaniita mzee wa makumbusho. Nina miaka arobaini na sita!

Nyumbani nimekuta binti yangu amenuna. Amesimamishwa darasani kwa kukosa daftari. Mama yake kaniangalia tu. Nimemsaidia mtoto kugawanya hadi tukakosea pamoja.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimegusa mbingu, kisha nikarudishwa chini kwa kishindo.

Mpango wa pili ulikuwa wa wazi kabisa, hauna ujanja. Nilibandika karatasi getini: mchana njoo chumba cha santuri, ushike, unuse, usikilize. Nilitegemea wastaafu watatu na mbwa wa mlinzi. Wakaja vijana. Wengi! Walijaa hadi koridoni, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Binti mmoja mwenye nywele za rangi ya zambarau alishika jalada la santuri kwa mikono miwili, akalifungua, akanusa ndani. Nikamuuliza simu yake haina nyimbo? Akasema ina nyimbo zote za dunia, ndiyo maana hajawahi kuusikiliza hata mmoja hadi mwisho. Hapa, alisema, kunyanyuka kwenda kubadilisha ni usumbufu, kwa hiyo unakaa, unajikuta umeusikiliza. Maneno hayo niliyaandika kiganjani nisije nikayasahau. Kijana mwingine aliuliza kitufe cha kurukia wimbo unaofuata kiko wapi. Nikamwambia hakipo. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wachumba wawili walikaa chini ya dirisha wanasoma nyuma ya jalada: nani alipiga ngoma, nani alipiga besi, nani alileta chai studio. Wakasema simu haijawahi kuwaambia nani alipiga ngoma.

Miaka kumi na tisa nilidhani napenda santuri peke yangu.

Mama Mkurugenzi alikuja kuangalia kelele za nini. Alikaa sakafuni! Na sketi yake ya ofisini! Akasikiliza upande wa kwanza wote, akaomba nigeuze. Mimi tayari nilikuwa nachagua rangi ya pazia jipya la chumba. Mwisho akasimama, akajipangusa, akasema imemgusa sana, na kwamba majalada arobaini mazuri zaidi yatapigiwa misumari ukutani mapokezi, ili wageni wayaone.

Nikauliza, na santuri zenyewe? Akasema zitaenda kwa fundi kama ilivyopangwa, kwani sauti si tunayo kwenye kile kidude.

Majalada! Ni sawa na mwanamke aambiwe mumeo anaondoka lakini koti lake litabaki.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi wa mapambo amekuja kupima rafu. Nilijiandaa kumchukia, lakini ana adabu kupita kiasi. Ameniamkia, ameulizia watoto, amesifu usafi wa chumba. Amemletea Mama Mkurugenzi zawadi ya saa. Nimeitambua santuri ile kwa lebo yake. Ilikuwa inasema saa tano na robo, na hata haikuwa sahihi.

Nilimnong'oneza kwamba santuri za zamani zina sumu, zikishikwa sana kucha zinang'oka. Akanishukuru kwa moyo wote. Baada ya chakula cha mchana amerudi amevaa glavu.

Jumapili, 10 Machi

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nusu ya uso bado ina povu, nikapiga kelele hadi mke wangu akajichoma sindano.

Tatizo ni kwamba wanaamini sauti ya kompyuta na sauti ya santuri ni moja. Basi zipambanishwe. Kompyuta ya Wingu upande huu, santuri yangu upande ule, Mama Mkurugenzi katikati. Na mwamuzi awe mtu ambaye hakuna wa kumbishia: mwimbaji mwenyewe. Yule Mzee aliyeimba "Jirani Nirudishie Mwavuli", wimbo tunaoupiga kila siku mvua ikinyesha. Picha yake iko ukutani mapokezi, chini kidogo ya kifaa cha kuzimia moto.

Nimemtembelea leo hii hii. Anakaa nyuma ya soko, nyumba ya milango ya kijani. Nilimkuta amekaa kibarazani anamenya viazi, hana hili wala lile. Nilipomwambia habari za kuimba akaacha kisu. Akasema haimbi tena, huu mwaka wa tatu. Sauti imekwenda. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yake aliombwa aimbe Mwavuli. Vijana wa bendi wakaanza kama wanavyousikia redioni. Akashindwa kufika juu. Wakashusha kidogo, akashindwa kwenda nao mwendo. Watu wakampigia makofi ya huruma, mtoto mmoja akaleta kiti ampe babu. Tangu siku hiyo amenyamaza. Mkewe akadakia kutoka ndani kwamba hata bafuni haimbi, na zamani bafuni alikuwa hatoki.

Nilimhurumia sana, kweli. Nikawaza pia kwamba mwamuzi mwenye huzuni namna hii atafaa mno.

Amekubali kwa masharti. Santuri ya Mwavuli hana, yake ilipotea alipohama, kwa hiyo atasikiliza ya kwetu, ambayo ndiyo pekee anayoijua iliyobaki. Lakini itapigwa kwenye mashine yake mwenyewe, kwa sababu haamini sindano ya mtu mwingine. Nikasema Mzee, hata ukitaka kuleta na meza, lete.

Jumatatu, 11 Machi

USHINDI! Lazima niandike kwa utaratibu.

Saa tano kamili. Mama Mkurugenzi, Wingu, dada wa mapokezi, mtangazaji wa asubuhi, na Mzee aliyekuja na mashine yake imefungwa blanketi. Wingu akaanza. Akabofya mara moja tu, akakunja mikono kifuani. Wimbo ukatoka kwenye spika safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja. Ukweli ni kwamba sikusikia kasoro yoyote.

Mzee alikunja uso. Akauliza huyo mtoto anayeimba ni nani. Wingu akamwambia kwa heshima, ni wewe, babu. Mzee akasema hapana, yeye anajijua. Akafungua blanketi, akaweka santuri yetu kwenye mashine yake, akashusha sindano taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Ikatoka sauti nyingine! Nzito, tulivu, ya mtu aliyekwisha kula na hana haraka ya kwenda popote. Jirani alikuwa anadaiwa mwavuli kwa upole, si kwa kukimbizwa. Mama Mkurugenzi akaomba irudiwe. Wingu akatazama saa ya simu yake, rangi ikamtoka. Kwenye kompyuta wimbo unakwisha kwa dakika tatu na sekunde tano. Kwenye santuri, tatu na kumi na saba. Tukajaribu nyimbo nyingine tano. Zote za kompyuta zinakimbia! Miaka minne redio yetu imerusha nyimbo za zamani zikiwa mbio, na nchi nzima imezoea.

Mzee akaketi. Akasema polepole, kumbe haukuwa uzee. Akaomba maji. Alipokwisha kunywa, akaimba. Pale pale kwenye kiti, pamoja na santuri, akafika kila mahali pa juu, akashuka kila mahali pa chini, akamaliza nayo sawasawa. Dada wa mapokezi alilia. Na mimi nililia, sioni haya.

Ndipo Mama Mkurugenzi akauliza ni nani aliyeziharibu nyimbo. Kabla hajafunga mdomo nilikuwa nimeshamwonyesha Wingu kwa kidole. Nikasema kompyuta ndivyo zilivyo, zina haraka ya kuzaliwa nayo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Fundi wa mapambo ameambiwa asubiri. Wingu amepewa hadi Ijumaa aeleze amefanya nini, la sivyo afungashe.

Mzee wa makumbusho! Sasa nani wa makumbusho?

Jumanne, 12 Machi

Nimefika kazini natembea kama mwenye nyumba. Mtangazaji wa asubuhi kanisalimia kwanza. Wingu hakula chakula cha mchana. Nilimshauri ajaribu kuizima kompyuta kisha aiwashe, ushauri ambao yeye hutupa sisi kila siku.

Jioni nilimhadithia mke wangu yote, na mikono juu, na sauti ya Mzee nikaiigiza. Cherehani ikasimama. Akauliza swali moja. Ile mashine yangu ya santuri, ambayo mkanda wake wa kuizungusha ulikatika akanishonea lastiki ya gagulo, ile sketi ya ndani, bado ninaitumia?

Nikamwambia kwa fahari kwamba naitumia hadi leo, lastiki yake haina mfano. Akauliza mkanda ulikatika lini. Nikasema ni zamani, miaka minne, wiki ile ile niliyoanza kuingiza nyimbo kwenye komp

Mke wangu akanitazama juu ya miwani.

Nimekumbuka yote. Lastiki ilikuwa inateleza. Nikachukua utepe mweusi wa mafundi umeme, nikauzungushia kwenye kile kigurudumu kidogo cha mota ili lastiki ishike. Nilizungusha mara ngapi? Hadi iliposhika. Kigurudumu kikinenepa, santuri inazunguka mbio zaidi. Hilo hata mtu aliyepata nne kwa kumi katika kugawanya analielewa. Nyimbo zote elfu na elfu zimeingia kwenye kompyuta zikikimbizwa na mimi. Wingu alikabidhiwa tu zikiwa tayari.

Sahani nimeirudisha jikoni.

Jumatano, 13 Machi

Mpango: kufuta ushahidi. Mashine ikiwa na mkanda wa kawaida na kigurudumu chembamba, nani atajua? Nimejifungia chumbani na kisu cha siagi. Ule utepe una gundi iliyogeuka urojo. Vidole vimenata, kisu kimenata, kisha kisu kikanata kwenye vidole.

Mlango ukagongwa. Wingu. Akaona nahangaika, akadhani nafanya usafi. Akaketi kunisaidia! Ameniletea na chai. Akaniambia amekagua kila waya, kila programu, haoni kosa lake, na anaanza kuhisi kichwa chake si kizima. Mama yake amewaambia majirani wote kwamba mwanawe anafanya kazi redioni, hajui ataingilia mlango gani kumwambia ameachishwa. Aliniita kaka. Kaka! Tangu aajiriwe hajawahi. Ningependa zaidi anicheke kwa mabega.

Alipoondoka akaja Mzee, na chupa ya asali. Akasema, "Mwanangu, umenirudishia sauti yangu." Jumamosi mjukuu wake anaolewa, naye ataimba. Mkewe anamgombeza kwa kukaa sana bafuni. Akanishika mikono yote miwili, ikanata kwa ule utepe, akacheka akidhani nimeshaifungua asali.

Mke wangu ameichukua asali, ameiweka juu ya kabati. Amesema nitaila nikishasema ukweli. Kama hadi Ijumaa adhuhuri sijausema, atakwenda yeye mwenyewe redioni na bunda lililobaki la lastiki. Huyu mwanamke hajawahi kutishia kitu ambacho hakukifanya.

Ijumaa, 15 Machi

Nilikwenda na hotuba yenye hoja saba. Ya kwanza ilikuwa unyevunyevu. Ya pili kiwanda kilichotengeneza mota. Ya tatu karani aliyenitangulia, marehemu, ambaye asingeweza kubisha. Jina langu lilikuwa katika hoja ya saba, mwishoni, kwa herufi ndogo.

Ofisini kwa Mama Mkurugenzi tulikuwa wanne. Wingu alikuwa na begi lake miguuni, zipu imefungwa. Mzee alikaa karibu na dirisha, alikuja kwa hiari yake. Na kupitia kioo niliiona meza ya mapokezi, na kiti cha wageni, na mke wangu amekaa, bunda la lastiki mapajani, anaangalia saa ya ukutani.

Nilikohoa nianze na unyevunyevu. Lakini Mzee akanitangulia. Akasema kijana huyu asiachishwe kazi, mtu anakosea, na yeye kama aliyeumizwa zaidi amemsamehe. Wingu akainamisha kichwa akasema asante babu, kwa kosa ambalo si lake.

Hapo mdomo wangu ukafanya mambo yake wenyewe. Nikasema ni mimi. Nikatoa lastiki mfukoni, nikaiweka mezani. Bado ilikuwa na kipepeo kidogo cha urembo alichokishonea mke wangu. Nikaeleza mkanda, utepe, kigurudumu, na jinsi nilivyomsukumia mtoto wa watu.

Mzee aliishika lastiki. Akaivuta, akaiachia. Akauliza, "Miaka mitatu nimenyamaza kwa ajili ya gagulo?" Hakuwa anacheka. Nilitamani sakafu inimeze na hoja zangu saba. Akasema msamaha aliompa Wingu ameurudisha kwake mwenyewe, na mimi atanifikiria. Wakati anafikiria, nitabeba ile mashine yake kesho kwenda harusini na kurudi. Kwa miguu. Na blanketi lake.

Kisha yakaanza mabega ya Wingu. Mama Mkurugenzi akaangalia dirishani, akabana midomo, akashindwa. Mwishowe Mzee mwenyewe akacheka hadi akafuta macho kwa ile lastiki. Mke wangu aliingia kuuliza kama bunda bado linahitajika.

Uamuzi: santuri hazitoki. Kama zingekuwa zimeshakuwa saa za ukutani, amesema Mama Mkurugenzi, nchi ingebaki na sauti za mbio milele. Fundi wa mapambo amejulishwa, ameshukuru, amerudisha glavu. Nyimbo zote zitaingizwa upya, kwa mashine mpya, moja moja. Wingu ndiye mkuu wa kazi. Mimi niko chini yake. Pia kumefunguliwa daftari la makosa: kila kosa liandikwe siku hiyo hiyo, na jina la aliyelifanya.

Wingu alinipa mkono. Niliupokea kwa moyo mweupe. Asali ni tamu sana. Naapa, naandika hapa kwa wino, sitaficha tena kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Mgongo unauma. Ile mashine ni ya chuma kitupu. Lakini Mzee aliimba Jumamosi hadi watu wakaacha kula. Bendi ilimfuata yeye, si yeye kuifuata. Mwishoni alinipa mkono. Kidole kimoja tu, lakini ni mwanzo.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya kazi mpya. Mashine mpya inang'aa. Wingu aliamua tuanze na Mwavuli, kwa heshima, na Alhamisi Mzee aje kuusikiliza ukiwa tayari. Niliitoa santuri kwenye jalada, nikaipangusa, nikaiweka kwenye kiti ili nisafishe sindano. Wingu akaniita kutoka koridoni. Nikaitika. Nikakaa.

Imetoka vipande viwili na kipande kingine kidogo sana.

Nimefungua daftari la makosa. Ukurasa wa kwanza, mweupe, mistari mizuri. Huruma kuuchafua. Nikafikiri sana juu ya Ijumaa. Kuungama kuna raha yake, sikujua. Watu walicheka, nilipewa mkono, nimekula asali. Lakini lile lilikuwa kosa la miaka minne, limekomaa. Hili ni la asubuhi ya leo, bichi kabisa, nani atalichekea? Nimeamua nitaliungama, tena kwa moyo wote, likishafikisha umri. Ahadi ni ahadi.

Kwa sasa vipande nimevirudisha ndani ya jalada, jalada nimelirudisha rafuni, wima. Kwenye kompyuta ule wimbo wa zamani, wa mbio, bado upo. Na kuna kitufe cha kupunguza mwendo! Wingu mwenyewe alinionyesha. Kompyuta ni kitu cha ajabu, siku zote nimesema. Nimepunguza kidogo, nikasikiliza, nikapunguza tena kidogo, hadi Mzee akawa Mzee. Nimehifadhi kama wimbo mpya. Wingu amepita mlangoni, amesikia, ameinua dole gumba.

Sikuhitaji kuhesabu sekunde. Nimepima kwa sikio tu, na sikio lililokaa miaka kumi na tisa katika chumba cha santuri haliwezi kukosea.